Watu wa Chupa Moja

Juzi nilipopita kliniki kuwasalimu, nyie wauguzi wapya watatu mlikuwa mnanong'onezana nyuma ya pazia. Macho yangu yamechoka, miguu ndiyo usiseme, lakini masikio ya umbea Mungu ameniachia. Mlikuwa mnajiuliza huyu mzee Mpare, Msabato wa kuzaliwa, anatafuta nini na kofia ya viua kichwani, tena yenye uzi mwekundu ambao fundi wa kofia mwenye akili zake asingeuweka. Nitawajibu. Ila mie nikianza jambo sharti nizunguke kwanza, na kwa kuwa sasa nimestaafu hakuna wa kuniambia niharakishe foleni.

Kwanza, sikuwahi kuwa daktari. Nimekuwa muuguzi wa macho, na miaka mingi ya kazi nimeimalizia kwenye kliniki moja ndogo kule Tandika. Wagonjwa waliniita Dokta Eli. Nilipokuwa nakataa walidhani ni unyenyekevu, wakazidisha heshima, basi nikaacha kukataa. Daktari mwenyewe alikuwa Daktari Koku, mama wa Kihaya mwenye sauti ndogo. Hakuwahi kufoka hata mara moja. Angekuwa anafoka ingekuwa nafuu.

Chukueni tochi mwangalie jicho la mwenzenu. Ile sehemu inayong'aa mbele ya mboni ndiyo kioo cha jicho. Haina mshipa wa damu hata mmoja, na ndiyo maana mwanga unapita. Hewa inaipata kutoka nje, chakula inakipata kwenye machozi na maji ya ndani. Sasa kioo kikipata kidonda kikachelewa kupona, jicho linaanza kuita msaada. Mwili unasikia, unaleta mishipa ya damu kutoka kwenye weupe wa jicho, inaingia kwenye kioo na kutambaa kuelekea kati. Nia yake ni njema kabisa. Ni kama ndugu wa ukweni waliokuja kusaidia msibani, arobaini imepita na bado wamelala sebuleni. Mishipa hiyo ikifika mbele ya mboni, mtu haoni.

Enzi zetu za mwanzo tulikuwa na matone ya kutuliza uvimbe, na maombi. Matone yanasaidia, sikatai, lakini mtu akiyatumia bila kupimwa, presha ya jicho inapanda kimyakimya na unamharibia pengine. Wengine walijaribu kuiunguza ile mishipa, nayo ikarudi na wenzake. Halafu ikaja dawa ya sindano, ile yenye jina refu lisilokaa mdomoni. Ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, kuunyima uvimbe damu. Wataalamu wa macho wakasema, na sie tuna mishipa ya kunyima. Dawa hii inaziba ule wito. Mishipa michanga ikikosa wito inanywea. Mikongwe iliyokwisha kujenga kuta zake haisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Lishikeni hilo la uchanga na ukongwe, maana kisa chote kinaning'inia hapo.

Chupa ya dawa hiyo ni moja lakini jicho linahitaji tone dogo sana. Ukishaifungua huwezi kuiweka ukaichota tena wiki ijayo, itaingia vijidudu. Kwa hiyo tulikuwa tunasubiri wafike wagonjwa sita, tunawapangia asubuhi moja, chupa inafunguliwa na kugawanywa kwenye mabomba sita ya sindano kwa usafi wote, kila mtu na lake. Wagonjwa wenyewe wakaanza kuitana "watu wa chupa moja." Walipeana namba za simu. Mmoja akiugua homa wenzake wanamjulia hali, maana asipofika siku inaahirishwa. Nimeona Mchaga wa duka la vipuri anampelekea uji mama wa Kimakonde wa Mbagala ambaye hamjui ukoo wala kabila, kisa ni mwenzake wa chupa. Nyie leo mna vifaa bora kuliko sie, lakini hilo msije mkaliacha life.

Tulijifunza kwa kuumbuka pia. Katika watu wa chupa ya kwanza kabisa alikuwamo dereva wa bodaboda. Sindano yenyewe haina maumivu, unatia matone ya ganzi, unasafisha, unachoma kwa sindano nyembamba chini ya utando wa weupe wa jicho, karibu na pale mishipa inapoingilia. Sasa pale mara nyingi panavilia damu. Weupe unakuwa mwekundu kama nyanya, hauna madhara, unaisha baada ya siku kadhaa. Mie nikasahau kumwambia. Akaenda zake, akajitazama kwenye kioo cha pikipiki. Kabla sijamaliza chai, bodaboda kama kumi zimejaa uani zinapiga honi, zinamtaka aliyemtoboa jicho mwenzao. Daktari Koku akatoka, akawasalimia mmoja mmoja kwa kuwapa mkono, akawaeleza. Wakaondoka wamenywea. Alipopita mlangoni kwangu akasema tu, "Eli, nunua kioo." Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa wangu aliyetoka bila kujitazama na kuambiwa ataona nini kesho yake.

Kabla ya simu za kupiga picha, tulikuwa tunachora. Kila faili lina duara, hilo ndilo kioo cha jicho. Katikati nukta, hiyo ni mboni. Mishipa unaichora kwa kalamu nyekundu kutoka ukingoni, urefu wake na pale ilipo, kama saa: huu uko saa tatu, ule uko saa saba. Mgonjwa akirudi unachora duara jipya pembeni ya lile la zamani. Hapo hakuna ubishi. Mie nilikuwaga na mkono mzuri, na wagonjwa nilikuwa nawaonyesha michoro yao, kwa sababu mtu akiona mshipa wake umerudi nyuma hakosi matone hata iweje. Vijana mkipiga picha, onyesheni basi na mwenye jicho.

Sasa nimfikie Bi Zuwena.

Bi Zuwena alikuwa mama wa Kiarabu, mzaliwa wa hapahapa Temeke. Marehemu mumewe aliuza vitambaa Tandika, na yeye alishona kofia za viua kwa mkono barazani kwake, zile zenye vitundu vidogovidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Kofia moja ilimchukua wiki nyingi. Jicho lake la kushoto lilipotea utotoni, alitiwa majani ya kienyeji. La kulia ndilo lililomlisha. Siku moja anapepeta mchele, pumba ikaruka ikaingia humo. Jirani akamletea matone yaliyobaki nyumbani kwake, "Haya yalimsaidia mwanangu." Akayatumia wiki tatu. Kidonda kikawa kinafanana na kilichotulia huku kinachimba. Alipofika kwetu kidonda tulikiponya, lakini mishipa ilikuwa imeshaamka. Nikachora duara lake: mishipa minne, mrefu kuliko yote ukiwa saa nne, michanga yote, haijafika kwenye mboni, ila kioo kizima kimeshaingia ukungu.

"Dokta," akaniuliza, "sindano naitungaje kwa kupapasa?"

"Shikamoo kwanza, Bi Zuwena."

"Marahaba. Sindano naitungaje?"

Nikamwambia tukiwahi tutaizuia. Nikampa na matone ya muda. Hakuwa na mazoea ya saa, basi nikampangia kwa swala: ukitoka alfajiri tone, ukitoka adhuhuri tone, hivyohivyo mpaka isha. Hakukosa hata moja. Wakristo nilikuwa nawapangia kwa taarifa ya habari ya redioni, na hao walikosa sana. Alipenda kunitania. Akisikia viatu vyangu anasema, "Anakuja Mpare wa kesi, ficheni jogoo asije akamshitaki." Nami namjibu kwamba nikishitaki yeye ndiye shahidi wangu, maana ana jicho moja na hawezi kukonyeza.

Watu wa chupa wakatimia sita. Dawa nikaifuata mwenyewe mchana, nikaileta kwenye kibaridi chenye barafu za mfuko, nikaiweka kwenye friji ya kliniki, nyuzi joto ziko sawa. Saa kumi umeme ukakatika. Jenereta letu siku hiyo lilikuwa kwa fundi. Barafu za kibaridi zimeshayeyuka, dawa haitaki joto, Daktari Koku yuko kwenye mkutano Kinondoni, simu yake haipatikani. Ng'ambo ya barabara umeme upo, kwani wao wako laini nyingine. Hapo ng'ambo anakaa Mama Furaha, muuza barafu za ubuyu, mwanamke msafi, mkarimu, friji lake kubwa. Nikaifunga chupa na boksi lake kwenye mfuko, nikavuka.

"Mama Furaha, naomba uniwekee dawa kwenye friji mpaka asubuhi. Ni ya thamani hiyo."

"Ondoa wasiwasi, Dokta. Nitaiweka pazuri."

Nikashukuru, nikaenda nyumbani. Angalieni kosa lilipo. Sikusema "isigande." Mtu ambaye maisha yake ni barafu ukimwambia dawa ni ya thamani, ataiweka panapoganda vizuri kuliko pote, ndiyo heshima anayokupa. Na mie ninaishi Temeke miaka yote hiyo, ninanunua barafu kwa huyuhuyu mama, halikunipitia akilini.

Asubuhi ananitolea mfuko kutoka chini kabisa, katikati ya barafu za ubuyu, uso wote tabasamu. "Haijatikisika hata kidogo." Nikaishika. Jiwe.

Sikumwambia kitu. Nilimshukuru kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi, nikavuka barabara na chupa mkononi, nikajifungia chumba cha dawa. Nikaishika kiganjani. Ikayeyuka taratibu, ikarudi kuwa maji meupe, safi, huwezi kuitofautisha na ya jana. Dawa hii ni ya protini, ikiganda inavunjika ndani na vinaweza kubaki vipande visivyoonekana. Naijua hiyo. Nimeifundisha kwa wengine. Nikakaa nayo nikiitazama, na niwaambie ukweli, nyie wanangu, nilikuwa nimeshaanza kujishawishi. Nani atajua? Friji yetu umeme umesharudi, nikiirudisha humo kila kitu kiko mahali pake. Watu sita wako barazani, mmoja katoka Bunju. Jicho la Bi Zuwena linahesabu siku. Pengine dawa bado ina nguvu nusu. Pengine nusu inatosha. Nilikuwa namtetea mshitakiwa vizuri kabisa, na mshitakiwa ni mie.

Nikatoka kuwasalimu ili nipate muda. Bi Zuwena amekaa mwisho wa benchi, kofia ambayo hajaimaliza iko mapajani, anafundisha mama wa pembeni yake mambo ya uzi. Anauvuta kati ya vidole, anausikiliza.

"Huu ulinyeshewa," anasema. "Muuzaji kauanika, umekauka, kwa macho ni uzi uleule. Wewe unayeona utaununua. Mie nauvuta najua, umeshakufa ndani. Ukiushonea, kofia inakaa mwezi, halafu vitundu vinafumuka vyote, na mwenye kofia hatamlaani muuzaji wa uzi. Atanilaani mie."

Akaukata, akautupa chini.

Nilisikia aibu iliyonipanda mpaka kwenye masikio. Nikamkuta Daktari Koku ndiyo anaegesha gari. Nikamweleza pale pale, nimesimama, kuanzia umeme mpaka barafu za ubuyu. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mimi nitatafuta chupa nyingine," akasema. "Wewe utawaambia."

Hiyo ndiyo adhabu yake. Nikasimama mbele ya benchi nikawaambia watu sita kwamba dawa yao imeganda, nimeigandisha mie kwa kutokusema neno moja, na kwamba haifai. Bwana wa Bunju akawaka. "Mie nimetoka Bunju nikiwa na nyota angani, braza, unaniambia barafu?" Alikuwa na haki, nikamwacha aseme mpaka akachoka. Wengine wakaguna. Bi Zuwena hakuguna. Alikunja kofia yake, akaitia kwenye pochi, akaiweka na sindano.

"Chupa nyingine lini?"

"Daktari anasema yaweza kuwa wiki mbili."

"Na jicho langu lina wiki mbili?"

Ningeweza kumpa maneno matamu. Wagonjwa wengi nimewapa. "Sijui, Bi Zuwena," nikasema. "Mishipa bado michanga. Kila siku inayopita inakomaa. Sijui."

Akaitikia kwa kichwa, akatafuta ukuta kwa mkono, akaondoka. Na utani siku hiyo hakuna.

Wiki mbili hizo nilikuwa napita kwake kila jioni nikitoka kazini. Daktari aliongeza matone ya kutuliza uvimbe, na mie kazi yangu ilikuwa kumleta kliniki kupimwa presha ya jicho yasije yakamdhuru, na kuona hakosi. Siku za kwanza alinijibu salamu na basi. Siku ya nne akaniwekea kikombe cha kahawa bila kusema. Siku ya tano akasema, "Mama Furaha amekuja hapa kulia. Umemwambia nini?" Nikamwambia sikumwambia kitu, kasikia kwa wengine. "Basi kamwambie hana kosa. Wewe mwenye kosa una kazi ya kuzunguka na viatu vyako, yeye hana pa kuipeleka huzuni yake." Nikaenda nikamwambia. Nikanunua na barafu kumi nisizozihitaji.

Kila nilipochora duara jipya, mishipa mitatu ilikuwa imesimama. Ule wa saa nne ulikuwa unakuja. Uzi kwa uzi, unakuja. Siku ya kumi na nne chupa ilifika. Mie mwenyewe nililala kliniki kwenye kiti ili nisikie friji inanguruma, watu wakanicheka, wacha wacheke. Asubuhi watu wa chupa wote sita walikuwapo, hata bwana wa Bunju, ambaye alikuwa amempitia Bi Zuwena kwake na bajaji ili asije peke yake. Daktari Koku akachoma. Mie nikashika kioo cha kujitazamia, nikamwambia Bi Zuwena kesho weupe wa jicho utakuwa mwekundu. "Sioni kioo, Dokta," akasema, "lakini nakushukuru kwa adabu."

Hapa kazi yetu inafundisha subira. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya tatu nikachora, nikalinganisha, nikaenda kuita Daktari aje aangalie mwenyewe nisije nikawa naona ninachokitaka. Mishipa mitatu ilikuwa imenyauka, imekuwa vivuli. Akaongezewa sindano ya pili baadaye. Ukungu ukaanza kupungua. Siku moja nimeingia barazani kwake kimya nimtanie, akainua uso akanitazama muda mrefu.

"Kumbe umezeeka hivyo," akasema. "Kwa sauti nilikuwa nakufanya kijana."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sijawahi kufurahi kuambiwa nimezeeka kama siku ile.

Alirudi kwenye kofia zake, na anashona mpaka leo, mchana tu, kwenye mwanga mzuri. Nilipostaafu kliniki walinikatia keki, ila yeye aliniita kwake. Akanipa kofia hii. Nikamwambia, Bi Zuwena, mie nasali Jumamosi, nitavaaje hii? Akasema kichwa hakina dini, kina jua. Basi nikaigeuza nikaitazama, na ndipo nilipojua nimeshika nini. Duara la juu ni jeupe, vitundu safi. Katikati kaweka kitundu kimoja kikubwa. Kutoka ukingoni zinapanda nyuzi nyekundu nne. Alikuwa amekariri michoro yangu yote ya faili lake, tangu siku ambazo alikuwa haioni vizuri na nilikuwa naisimulia kwa kumshika kidole na kukizungusha.

Tatu zinaishia karibu na ukingo. Ya nne, ile ya saa nne, imepanda zaidi kuliko wenzake, imesimama jirani na kitundu cha katikati. Ule mshipa ulikomaa tukisubiri. Dawa iliusimamisha lakini haikuurudisha, na mpaka leo kuna sehemu ya dunia Bi Zuwena anaiona kwa ukungu akigeuza jicho upande huo. Nilidhani hajauunganisha ukungu huo na zile wiki mbili.

Akaniwekea kidole changu juu ya uzi ule, kama nilivyokuwa namwekea cha kwake.

"Hizi ni wiki mbili zako, Dokta," akasema, anacheka. "Mie ninazo jichoni, nimechoka kuzibeba peke yangu. Zivae na wewe."

Ninazivaa. Njooni karibu niivue, mpapase wenyewe.